Usimpime mzee kwa pushapu: namna ya kujua nguvu za wazee wanaofanya kazi shambani kwako

Ndugu mkulima kijana, leo naacha kidogo habari za mbolea na dawa. Nataka tuongee kuhusu mtu aliyepo karibu kila shamba ninalotembelea huku Nyanda za Juu Kusini, lakini kwenye daftari la mipango la mwenye shamba hayumo: mzee. Anaweza kuwa baba yako mwenye ardhi. Anaweza kuwa mama anayeongoza kundi la wapaliliaji, au kibarua wa miaka 65 anayefika alfajiri wakati vijana bado wanatafuta viatu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Serikalini mtu wa umri huo anastaafu. Shambani hakuna barua ya kustaafu, tunajua wote.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Bwana shamba, nitajuaje kama mzee wangu bado anaiweza hii kazi?" Na majibu ambayo vijana wanajipa wenyewe huwa mawili. La kwanza, anaiweza, maana jana aliifanya. La pili, haiwezi, akae nyumbani apumzike. Yote mawili ni kubahatisha. Udongo unaupeleka ukapimwe kabla hujaweka chokaa. Mtu kwa nini umkisie kwa macho?

Vipimo vipo. Havihitaji mashine. Unahitaji kiti, saa ya simu, futi kamba na dumu la maji. Ila lazima viwe vipimo vilivyorekebishwa kwa ajili ya wazee, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kama umepita JKT unakijua kipimo cha kijana: mchakamchaka, pushapu, kuruka, afande anahesabu. Duniani pia ni hivyo hivyo. Mwaka 1968 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alitoa kipimo ambacho hadi leo kinatumika: kimbia dakika 12, tunapima umbali uliofika. Kwa askari wa miaka 22 ni kipimo kizuri sana. Mpe mzee wa miaka 70 mwenye goti linalouma, atafanya nini? Ama atakataa, ama atajaribu kwa sababu hataki kuaibika mbele ya watoto, aumie. Na asipoumia, bado hujajua kitu. Wazee kumi wakipiga pushapu sifuri, umepata sifuri kumi, lakini kati yao yupo anayepanda mlima na ndoo kichwani na yupo ambaye ataanguka wiki ijayo akitoka chooni. Ni kama kuweka pakiti ya mbegu za nyanya kwenye mizani ya magunia: mshale hausogei, halafu wewe unasema pakiti ni tupu.

Watu wawili waliolifanyia kazi hili vizuri ni Roberta Rikli na Jessie Jones wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Fullerton. Wao waligeuza swali. Badala ya kuuliza mwili huu una uwezo gani wa mwisho, waliuliza: mtu huyu anahitaji nini ili aendelee kujitegemea? Kuinuka kwenye kiti bila kushikwa. Kubeba mzigo mdogo. Kutembea hadi dukani. Kugeuka bila kuyumba. Kujifikia mgongoni. Kila hitaji wakalitafutia kipimo chake, na mwaka 1999 wakachapisha viwango walivyovipata kwa kupima Wamarekani zaidi ya 7,000 wa miaka 60 hadi 94. Mimi naona wazo hilo linatufaa kuliko hata namba zao, kwa sababu na sisi tunaweza kuuliza hivyo hivyo: mzee wangu anahitaji nini ili apite kwenye tuta, avuke mfereji, ainuke kutoka kuchuchumaa?

Kabla ya kipimo chochote, kaa naye uulize. Je, anapata maumivu ya kifua akifanya kazi? Kizunguzungu? Ameshaanguka ndani ya miezi 12 iliyopita? Amefanyiwa upasuaji karibuni? Anatumia dawa za presha, sukari au moyo, na leo amezinywa? Akisema ndiyo kwenye kifua au kizunguzungu, hapimwi shambani. Anaanzia zahanati au kituo cha afya, kipimo kitasubiri. Presha ipimwe huko huko.

Halafu kuna suala la nani anapima. Hili kwenye vitabu vya Wamarekani halipo, lakini kwetu ndiyo nusu ya kazi. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe "nyanyua goti juu zaidi." Hata kama atakubali, atafanya nusunusu ili yaishe. Mama apimwe na mwanamke, ikiwezekana mwenye umri unaokaribia wake. Mzee asipimwe mbele ya vibarua wake wa kila siku, wala mtu asichukue video ya simu akaitupia kwenye kundi la WhatsApp. Na umwambie ukweli kwamba unatafuta namna ya kupanga kazi. Shikamoo ya mchana mmoja haitoshi kumfanya mtu aamini kwamba hutamfukuza jioni.

Pimeni asubuhi, kabla ya jua kali, akiwa amekunywa uji, na isiwe siku ya pili baada ya kupakia viazi.

Sasa kiti. Hiki ndicho kipimo ningekuomba ufanye hata kama hutafanya kingine. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa pa kukalia karibu sentimita 43, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kiti cha plastiki kinachonesa hapana. Kigoda hapana, ni kifupi mno na kinageuza kipimo kuwa kitu kingine kabisa. Mzee akae katikati, nyayo zote chini, mikono ameikunja kifuani kama msalaba. Ukisema "haya", anasimama wima kabisa na kukaa, anasimama na kukaa, sekunde 30. Unahesabu mara alizosimama. Sekunde zikiisha akiwa ameshavuka nusu ya kuinuka, ihesabu. Kabla ya kuanza mwoneshe wewe mwenyewe, halafu ajaribu mara moja au mbili polepole.

Kwa sheria ya kipimo, akisukuma kwa mikono amepata sifuri. Iandike hiyo sifuri, lakini usiishie hapo. Mpumzishe, arudie akiruhusiwa kushika mapaja yake, na uandike pembeni "kwa mikono". Mzee anayesimama mara 9 kwa mikono na mzee asiyesimama kabisa sio sawa, na baada ya miezi mitatu utataka kujua kama ameacha kuhitaji mikono.

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inatumia kipimo hiki kuangalia hatari ya kuanguka. Kwao mwanaume wa miaka 60 hadi 64 akisimama chini ya mara 14 yuko chini ya wastani. Mwanamke wa umri huo, chini ya 12. Miaka 70 hadi 74 ni 12 kwa mwanaume na 10 kwa mwanamke. Kwa wa miaka 80 hadi 84 ni 10 na 9.

Lakini sikia, hizo ni namba za watu walioishi maisha ya gari na sofa. Bibi wa Njombe aliyechuchumaa akipalilia tangu utoto anaweza kupiga 17 huku akikucheka. Hapo kipimo kimefika dari: kinakwambia miguu inatosha kwa kiti, hakikwambii kama inatosha kwa mteremko wenye tope. Kwa hiyo hizo namba zichukue kama alama ya tahadhari upande wa chini tu. Mtu akiwa chini yake, chukua hatua. Akiwa juu, usitangaze kwamba mzee ni kijana. Kipimo chenye maana zaidi ni yeye wa leo dhidi ya yeye wa miezi mitatu ijayo.

Kwa nini nasisitiza miguu? Misuli huanza kupungua kuanzia miaka ya thelathini hivi, na kasi inaongezeka baada ya 60. Na kinachotangulia kupotea ni uharaka wa nguvu. Ukijikwaa kwenye mzizi, kinachokuokoa ni mguu kufika mbele upesi. Mzee anaweza kuwa na nguvu ya kubeba debe la mahindi lakini hana tena ule upesi. Ndiyo maana kipimo kinakuwa na saa.

Kipimo cha pili kinatoka Kanada, mwaka 1991. Mzee anakaa kwenye kiti, safari hii chenye mikono. Umechora mstari mita 3 mbele. Anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi mstarini, anageuka, anarudi, anakaa. Fimbo kama anaitumia siku zote aitumie. CDC inasema sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Rahisi sana, si ndiyo? Sasa niwape habari ya mama mmoja.

Alikuwa na miaka 66, mwanaye analima viazi mviringo na nyanya. Kiti alisimama mara 15. Kijana akafurahi, akataka tumalize. Tukafanya cha mita 3, ikaja sekunde 14. Haikuingia akilini. Mtu mwenye miguu ya 15 anatembeaje hivyo? Tukarudia, nikaacha kuangalia saa nikamwangalia yeye. Akiinuka, upesi. Hatua mbili za kwanza, vizuri. Akikaribia mstari anapunguza, mguu unapapasa ardhi kabla ya kukanyaga, anageuka kwa vihatua vidogo vidogo. Nikamuuliza: "Mama, huo mstari unauona?" Akanijibu: "Nikiufikia nauona."

Hospitali ya wilaya walimkuta na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hakumwambia mtu. Na kila siku, asubuhi na jioni, huyo mama alikuwa anavuka mfereji kwa gogo moja, ndoo ya nyanya kichwani. Kijana wake alinyamaza kwa muda mrefu sana pale tulipolitazama lile gogo. Jumamosi yake aliliondoa akaweka mbao tatu na kamba ya kushikilia. Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja baadaye, na tulipompima tena alitumia sekunde 9.

Kwa hiyo vipimo viwili vikipingana, usifute kimoja. Habari iko hapo hapo kwenye kupingana kwao. Inaweza kuwa macho, inaweza kuwa viatu (mabuti makubwa kuliko mguu yanaharibu kila kipimo), inaweza kuwa kidonda cha mguu cha mgonjwa wa sukari ambacho hajisikii. Wewe sio daktari na mimi pia sio. Kazi yetu ni kuona na kumpeleka.

Kusimama bila kuyumba ni kifupi: miguu sambamba sekunde 10, kisha mguu mmoja umetangulia nusu, kisha kisigino cha mmoja kimegusa vidole vya mwingine kwenye mstari mmoja, mwisho mguu mmoja. Wewe unasimama pembeni, mikono tayari, humgusi. Asiyeweza ile ya tatu kwa sekunde 10 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Na wewe mwenye maparachichi, huyo hapandi ngazi. Mpe fimbo ndefu ya kuchumia yenye mfuko, abaki chini. Hakuna mjadala hapo, hata kama anasema alianza kupanda miti kabla hujazaliwa. Ni kweli alianza.

Pumzi kuna kipimo cha dakika 2 cha kupiga hatua papo hapo, kila goti likifika katikati ya paja, yaani nusu ya umbali kati ya kofia ya goti na mfupa wa nyonga. Unaweka alama ya chaki ukutani, unahesabu mara goti la kulia linapofika. Rikli na Jones wanasema chini ya 65 ni eneo la hatari. Tahadhari ya kwetu: mama akiwa amejifunga kitenge kikakaza, goti halitafika. Hapo umepima kitenge. Avae suruali ndani au sketi pana. Na usimlazimishe kufikia mapigo fulani ya moyo kwa ile hesabu ya 220 toa umri. Ni makadirio tu, na kwa anayetumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo haina maana. Ongea naye wakati anapiga hatua. Akijibu kwa sentensi nzima, sawa. Akijibu neno neno, apunguze. Akishika kifua, akitokwa jasho la baridi, akiona kizunguzungu, simamisha hapo hapo na msaada utafutwe.

Mikono wenzetu wanapima kwa kukunja kiwiko na chuma, mwanamke pauni 5, mwanaume pauni 8, sekunde 30. Chuma huna, maji unayo, na lita moja ni kilo moja. Lita 2 na robo kwenye dumu dogo kwa mama, lita 3 na nusu kwa baba, umekaribia kabisa.

Cha kubeba ni changu mwenyewe, usikitafute vitabuni. Napima mita 20 kwenye njia halisi ya shamba, ile ile anayopita kila siku. Anabeba dumu lenye lita 5 kwenda na kurudi. Akiwa sawa, 10. Siendi hadi aishiwe. Naangalia mwili: bega likianza kulala upande, hatua zikifupika, au akiacha kuongea, nimepata jibu, na mzigo wake wa kazi unakuwa ule wa chini ya hapo. Kama lita 10 zilimpinda, kazi ni lita 5. Sasa linganisha na bomba la mgongoni la lita 16: likijaa ni kilo 16 za maji, bado uzito wa bomba lenyewe. Wengi wanaumia wakati wa kulitoa chini na kulipandisha begani, kabla hata hawajapulizia tone moja. Liweke juu ya meza au kichuguu cha usawa wa kiuno, avae akiwa amesimama, na ulijaze nusu. Utajaza mara nyingi zaidi, ndiyo. Ni muda, sio mgongo.

Lumbesa hakuna kipimo chake. Gunia limevimba hadi limeshonewa kofia, hiyo ni adhabu kwa umri wowote.

Tuje kwenye jambo ambalo linaniuma kidogo. Kuna wenye mashamba wakishasikia vipimo hivi wanaona wamepata sababu ya kupunguza watu: chini ya 12, kwaheri. Jamani. Ukifanya hivyo mara moja tu, wazee wote wa kijiji watakudanganya kwenye kipimo kinachofuata, na watakuwa sahihi. Matokeo yanakwambia upange kazi upya. Mwenye miguu dhaifu na mikono mizuri mpe kitalu, uinue meza ya miche ifike kiunoni. Kubebesha miche ya parachichi ni kazi ya mkono uliotulia na jicho lenye uzoefu, na wazee wengi ninaowajua wanawashinda vijana kwa idadi ya miche inayoshika. Kupanga madaraja ya nyanya ukiwa umekaa kivulini, kusimamia maji, kuhesabu makreti: zote ni kazi, zilipwe kama kazi.

Na angalia unavyolipa. Ukilipa kwa ndoo au kwa mstari, mzee mwenye kipimo kibaya atajilazimisha afikie vijana, maana anahitaji hela kama wao. Hapo vipimo vyako vyote vimekuwa karatasi. Wale walio chini ya alama za tahadhari walipe kwa siku.

Pia usidhani namba ikishuka ndiyo imekwisha. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa takriban miaka 90, kwa wiki 8. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Kwa hiyo mzee wako wa 68 aliyepata 9 mpe zoezi lile lile la kiti: kusimama na kukaa mara 8 hivi, apumzike, arudie, siku tatu kwa wiki, akiwa na kitu imara karibu cha kushika. Goti likiuma, ongeza mto mgumu kwenye kiti kipande juu kidogo, uuondoe akizoea.

Kisha rudia vipimo baada ya miezi mitatu, saa ile ile, viatu vile vile, kiti kile kile. Daftari langu lina safu za tarehe, kiti, mita 3, kusimama, hatua, mzigo, na ya mwisho ya maelezo, ambayo ndiyo naisoma kwanza. Kiti nakishauri ukiandike kwa rangi "KIPIMO" chini ya pa kukalia, maana msimu wa harusi ukifika viti vyote vya shamba vinaazimwa na havirudi vile vilivyoondoka.